Sadaka inahesabiwa hadi shilingi ya mwisho. Umeme je?

Kila Jumapili, mahubiri yakiisha na baraka haijatolewa, mzee wa kanisa husimama na karatasi yake ya matangazo. Husoma sadaka ya wiki iliyopita: ibada ya kwanza, ibada ya pili, shule ya Jumapili, fungu la kumi, ahadi za ujenzi, hata kuku na mkungu wa ndizi ulionadiwa pale nje chini ya mwembe. Hakuna mia inayopotea. Akifika upande wa matumizi, mstari unakuwa mmoja tu: umeme na maji. Ni uniti ngapi, ziliishia wapi, saa ngapi, hakuna anayeuliza. Ukimfuata mhazini ofisini atakuonyesha ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, uliojaa kwenye simu yake, basi.

Si kwamba makanisa yetu hayajali mazingira. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wake wa Laudato Si', na ndani yake hakuacha kuvitaja hata viyoyozi kama mfano wa tabia ya kutumia kuliko tunavyohitaji. Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuliongoza Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, alijulikana sana kwa kampeni ya kupanda miti hadi Wajerumani wakamwita askofu wa miti. Vijana wa kipaimara walipanda miche kabla ya kupokelewa. Ni kazi nzuri. Ila mche hupandwa mlimani, na picha yake ikapigwa, huku ndani ya uzio wa kanisa lenyewe jenereta likinguruma na hakuna aliyewahi kuandika linakunywa lita ngapi.

Kuna kanisa lililoamua kuanzia upande huo wa pili, na habari yake inafaa kusimuliwa kwa sababu majibu waliyoyapata hayafanani na yetu hata kidogo.

Februari 2020, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana wa huko, ilikaa kujadili lini kanisa hilo lifikie hatua ya kutoongeza hewa ukaa angani. Hoja iliyoletwa mezani ilitaja mwaka 2045. Wajumbe wakaona hiyo ni ahadi ya kuwaachia wajukuu, wakaivuta hadi 2030. Hapo wasimamizi walishika vichwa: kanisa hilo lina majengo ya ibada kama 16,000, mengi ya mawe, mengi ya tangu enzi za kati, mengi yakilindwa na sheria za urithi kiasi kwamba kutoboa tundu ukutani kunahitaji kibali.

Hawakukimbilia paneli za jua. Walianza na fomu. Kila parishi iliombwa kutoa ankara zake na kujaza uniti za umeme, kiasi cha gesi au mafuta ya kupashia joto, na ukubwa wa jengo. Mfumo ukafanya hesabu. Jibu likawa moja karibu kila mahali: zaidi ya asilimia 80 ya nishati ya kanisa la kawaida la Kiingereza huishia kwenye joto. Boila la gesi huwashwa saa nyingi kabla ya ibada, likipasha hewa ya jengo refu la mawe. Hewa ya moto hupaa kwenda darini, waliko popo, na waumini ishirini waliobaki chini huimba wakiwa na makoti. Taa, ambazo kila kamati ya mazingira hupenda kuanza nazo, zilikuwa kitu kidogo.

Baada ya kujua hivyo, ndipo fedha zilipojua pa kwenda. Ushauri uliotolewa kwa parishi ni kupasha watu, si jengo: hita ndogo za umeme chini ya mabenchi, mito ya kukalia, kuziba nyufa za milango. Mwaka 2022 ulipitishwa mpango wa hatua kwa hatua, na pauni milioni 190 zikatengwa kwa miaka tisa. Kanisa kuu la Gloucester lilikuwa limekwisha kuweka paneli 150 juu ya paa lake mwaka 2016. Huko Bath walikuwa na bahati ya kijiografia: maji ya chemchemi ya moto, yale yale ya mabafu ya Warumi, yalikuwa yakitiririka kuelekea mtoni bila kazi. Wakaweka vifaa vya kuvuna joto ndani ya mfereji wa kale, joto hilo likapelekwa chini ya sakafu ya abasia, kanisa la kale la mji huo. Cambridge, kanisa la King's College lililoanza kujengwa 1446 liliwekewa paneli 438 mwaka 2023, baada ya mabishano makali na wataalamu wa majengo ya kale waliohofia sura ya paa.

Sasa asije mtu akaichukua orodha hiyo kama ilivyo akaileta Kimara au Kakamega. Hatuna boila. Hatuna baridi ya Februari ya Uingereza. Tukinakili dawa yao bila kupima ugonjwa wetu, tutaishia kununua taa za LED, tukapiga picha, tukalala.

Kupima umeme wa kanisa hakuhitaji mshauri wa mradi. LUKU yenyewe ni kipimo. Soma uniti zilizobaki kwenye kioo Jumapili asubuhi kabla ya fundi sauti kuwasha chochote, soma tena ibada ya mwisho ikiisha, kisha soma Jumatatu asubuhi. Namba tatu, daftari moja. Tofauti ya kwanza ni umeme wa ibada. Tofauti ya pili ni umeme unaoliwa usiku wakati kanisa limefungwa kwa kufuli, na hiyo ndiyo huwashangaza wengi.

Kuna njia ya haraka zaidi. Kwenye mita yenyewe, hata ile iliyofungwa juu ya nguzo, kuna kijitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa idadi ya mwako kwa kila uniti, mara nyingi 1,000 au 1,600, mbele ya herufi imp/kWh. Ikiwa ni 1,000, kila mwako ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Simama na saa, hesabu kwa dakika moja. Ukipata 50, jengo linakula kilowati tatu wakati huo. Mwambie mtu azime viyoyozi vya madhabahuni, hesabu tena. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa Jumapili moja na kuleta ramani ya matumizi ya kanisa zima, na nina hakika ataifurahia kuliko semina ya mazingira ya siku mbili.

Atakachogundua kwanza ni kwamba spika zinasingiziwa. Amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 haili wati 2,000 kwaya ikiimba. Sauti hupanda na kushuka, na kwa wastani chombo hutumia sehemu ndogo tu ya kile kilichoandikwa mgongoni. Wanaolalamikia spika za mkesha wana haki yao, lakini malalamiko yao yahusu usingizi wa jirani. Kwenye mita, spika ni walaji wadogo. Mlaji mkubwa ni kiyoyozi. Kimoja cha ukutani cha BTU 24,000 hula kama kilowati mbili kikiwa kazini. Feni ya darini hula wati 70 hivi. Yaani kiyoyozi kimoja kinalingana na feni karibu 30, na feni 30 zinatosha kanisa zima kwa sharika nyingi.

Atakachogundua pili kitamtia matatani. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu mita haijalala. Taa za ulinzi za halojeni za zamani, friji la kioski cha akina mama, pampu ya kisima, na, mara nyingi sana, nyumba ya mchungaji iliyounganishwa kwenye mita hiyo hiyo pamoja na hita yake ya maji. Hapo upimaji unaanza kugusa siasa za usharika, na nadhani ndiyo mojawapo ya sababu za mstari ule wa "umeme na maji" kubaki mfupi hivyo. Dawa ni mita ndogo ya pembeni kwa kila jengo, kazi ya fundi umeme ya nusu siku, inayomlinda hata mchungaji dhidi ya maneno.

Lakini kwa nini tumejikuta na viyoyozi madhabahuni? Wazee waliojenga kabla ya umeme walijua joto la pwani. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa miaka ya 1870 chini ya Askofu Edward Steere palipokuwa soko la watumwa, lina kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya juu. Mchana wa jua kali ukiingia humo unahisi tofauti mlangoni. Sisi tumejenga kumbi pana za bati tupu, ukuta wa inchi sita, na madirisha ya alumini yenye vioo visivyofunguka sana. Saa nne asubuhi bati limeshakuwa kikaango, saa tano mama wachungaji wanapepea kwa vitabu vya nyimbo, mwaka unaofuata kunaitishwa mchango wa viyoyozi. Kupaka bati rangi nyeupe, kuweka dari, kuacha matundu ya hewa juu ya ukuta ili joto litoke na kupanda miti ya kivuli ni vitu vya fundi wa kawaida. Kamati ya ujenzi ingevifikiria siku ya kuchora ramani, nusu ya umeme wa Jumapili isingehitajika kabisa.

Kisha jenereta. Umeme ukikatika katikati ya ibada hakuna mjadala, linawashwa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, na jenereta la kanisa likibeba mzigo wake vizuri hutoa uniti kama tatu kwa lita hiyo. Likiwa kubwa kuliko mzigo, jambo la kawaida kwa sababu tulilinunua tukifikiria siku ya mkutano wa injili, hutoa pungufu ya hapo. Piga hesabu ya mfuko: dizeli ikizidi shilingi 2,700 kwa lita, kila uniti ya jenereta inavuka shilingi 900, wakati ile ya shirika la umeme, TANESCO, kwa mtumiaji wa kawaida asiye wa daraja la chini ni kama 350. Kwa hewa ukaa nako umeme wa gridi una nafuu kubwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, nalo limesogeza kando sehemu ya kazi ya mitambo ya gesi asilia. Majirani zetu wa Kenya wako mbele zaidi: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana huwapa sehemu kubwa mno ya umeme wao bila kuchoma chochote. Betri ndogo inayoshika vipaza sauti na taa chache kwa saa mbili ingelifanya jenereta la sharika nyingi lisiwashwe zaidi ya mara chache kwa mwaka.

Tufanye mahesabu kamili ya usharika mmoja wa kubuni, wa mjini, wenye waumini elfu moja na ibada mbili. Kwa mwezi unatumia uniti 900 za LUKU. Nikichukua kilo 0.3 za hewa ukaa kwa uniti, namba inayobadilika kadiri maji na gesi zinavyogawana kazi, napata kilo 270. Jenereta limekunywa lita 40 za dizeli: kilo 108. Gari la ofisi limetumia lita 120 za petroli, na kila lita ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi: kilo 276. Jumla kilo 654. Kamati ya mazingira ingefunga daftari hapo na kuandika ripoti.

Isitoke kabla ya kwenda kwenye maegesho. Chukulia kila Jumapili yanakuja magari 100, kila moja likisafiri kilometa 12 kwenda na kurudi, kwa kilometa 10 kwa lita. Ni lita 120 kwa Jumapili moja, lita 480 kwa Jumapili nne. Hewa ukaa yake ni kilo 1,104. Maegesho peke yake yamezidi umeme, jenereta na gari la ofisi vikijumlishwa, na bado hatujagusa mazoezi ya kwaya ya Jumatano, kamati za Alhamisi na maombi ya Ijumaa. Badili namba upendavyo kulingana na kwako. Kwa usharika wa kijijini, ambako watu hutembea kwa miguu na bodaboda chache, sura itakuwa nyingine. Kwa mjini, sidhani kama itabadilika sana.

Hapa Waingereza waliamua kujihurumia. Lengo lao la 2030 linahesabu safari za kikazi za makasisi na watumishi, lakini safari za waumini kwenda na kurudi ibadani wameziacha nje ya hesabu, kwa sababu kanisa haliwezi kumwamrisha mtu apande nini. Sababu ina mantiki ya kisheria. Kwetu naiona kama kisingizio ambacho hatukihitaji, maana kanisa ndilo linalopanga ratiba, ndilo linaloamua vikao vifanyike wapi, ndilo linalomwita muumini wa Mbagala kuvuka jiji mara tatu kwa wiki.

Na jambo la kufurahisha ni kwamba suluhisho liko ndani ya kanisa tangu zamani. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliokusanyika chini ya AMECEA waliweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji: familia chache za mtaa mmoja, zinazokutana nyumbani kwa zamu, watu wakifika kwa miguu. Walutheri nao wana jumuiya zao, Waanglikana vivyo hivyo. Hakuna aliyefikiria petroli siku hizo. Lakini kila kikao kinachorudishwa kwenye jumuiya kutoka makao makuu ya parokia ni lita ambazo hazikununuliwa. Kwa Jumapili yenyewe, usharika wenye Coaster moja ya kuzungukia vituo vitatu au vinne unaweza kuyaacha magari 25 nyumbani. Katika mfano wetu magari hayo 25 ni kilo 276 kwa mwezi, kabla ya kutoa mafuta ya Coaster yenyewe. Yaani kiasi kinacholingana na kuzima umeme wote wa kanisa mwezi mzima.

Jikoni sitakaa sana, kwa kuwa Serikali imeshatangulia. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Makanisa yana sekondari za bweni, vyuo, hospitali na vituo vya semina. Agizo hilo linayahusu moja kwa moja. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji huhitaji kilo sita hadi kumi za kuni. Dayosisi inayopanda miche elfu moja kwa mwaka huku shule yake ikipokea lori la kuni kila mwezi ianze kwa kupima lori lile kwenye mizani.

Nimeyaacha ya paneli za jua hadi mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo huja kwanza kwenye harambee. Kanisa ni jengo la ajabu kwa umeme: lina ulaji mkubwa kwa saa tano za Jumapili na karibu hakuna kitu siku sita zinazobaki. Jua haliko hivyo. Paneli zinazotosha ibada ya Jumapili zitakaa bila kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na betri za kuhifadhi umeme wa wiki nzima ni ghali kupita kiasi. Vatican walilikwepa tatizo hilo mwaka 2008 walipoweka paneli kama 2,400 juu ya ukumbi wa Paulo VI: ukumbi hautumiki kila siku, lakini umeme wake huingia kwenye mtandao wa Vatican nzima. Kwetu, paa sahihi la paneli mara nyingi ni la zahanati, la chekechea au la pampu ya kisima, penye kazi kila siku, na kanisa lichukue waya kutoka hapo Jumapili. Usharika ambao haujasoma mita yake hauwezi kulijua hilo, na muuzaji wa paneli hana sababu ya kuwaambia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahazini na wazee wa kanisa. Kabla ya kuitisha mchango wa jua, andikeni miezi mitatu ya namba: uniti za LUKU, lita za jenereta, lita za gari la ofisi, kuni na mkaa wa jikoni, na idadi ya magari kwenye maegesho kila Jumapili. Kisha zisomeni kwenye matangazo, mbele ya waumini, pale pale baada ya sadaka.